Kipimo cha asidi ya maziwa: kinaweza nini Katavi, na nini hakiwezi

Saa nne asubuhi, mfugaji wa Kakese anafika Mpanda mjini na dumu la maziwa nyuma ya baiskeli. Mnunuzi anafungua kifuniko, ananusa, anaonja kidogo, kisha anasema: "Haya yameanza kugeuka." Bei inashuka hapo hapo, au dumu linarudi nyumbani. Muda huo huo, mahali pengine katika mkoa huu, muuguzi anamwangalia mtoto mwenye malaria ambaye anapumua haraka na kwa kina, kama mtu aliyetoka kukimbia, na huku amelala. Muuguzi anajiuliza kama amtibu hapo hapo au atafute gari sasa hivi.

Mnunuzi na muuguzi huyu hawajuani, lakini wanachotaka kukijua ni kitu kimoja. Wote wanatafuta asidi ya maziwa, ambayo wataalamu huiita laktati. Mmoja anaitafuta kwa ulimi, mwingine kwa macho.

Kipo kifaa cha kuipima kwa tone moja la damu, kwa muda usiozidi dakika moja, na ukubwa wake ni kama wa simu ya kitochi. Hospitali nyingi za nchi tajiri hupima laktati kama sehemu ya kawaida ya kazi. Watafiti wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Je, kuna sababu ya kukidai kifaa hiki katika vituo vyetu vya Katavi na katika sehemu tunazokusanyia maziwa? Jibu letu ni ndiyo kwa upande mmoja, na bado kwa upande mwingine. Tutaeleza kwa nini.

Laktati ni nini

Jina la asidi ya maziwa limetokana na historia yake. Mwaka 1780 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliitoa kwenye maziwa yaliyoganda. Ndiyo inayoupa mtindi ule ukali wake: bakteria wanakula sukari iliyomo kwenye maziwa na kuacha asidi.

Mwilini mwetu pia ipo, kila siku. Misuli na viungo vingine vinapochoma sukari bila hewa ya oksijeni ya kutosha, laktati huongezeka, kisha ini huichukua na kuitumia tena. Anayepandisha baiskeli yenye gunia la mahindi kilimani ana laktati nyingi kwenye damu kwa dakika kadhaa, na hana ugonjwa wowote. Akipumzika inashuka. Kwa mtu aliyetulia, kiwango cha kawaida ni chini ya milimoli 2 kwa kila lita ya damu.

Hatari ni pale mtu anapokuwa amelala kitandani na laktati inapanda bila yeye kufanya kazi yoyote. Hiyo maana yake damu haifikishi oksijeni inakotakiwa, au ini limeshindwa kuisafisha, au yote mawili. Mwaka 1843 daktari wa Ujerumani, Johann Joseph Scherer, aliikuta asidi hii katika damu ya wanawake waliofariki kwa homa ya uzazi. Tangu wakati huo, takriban miaka 180 sasa, inajulikana kwamba laktati na kifo cha mzazi vinaweza kukutana. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni njia ya kuipima haraka, mgonjwa akiwa bado hai.

Kifaa kinafanyaje kazi

Kwa lugha ya kitaalamu kifaa hiki huitwa kihisi cha kibayolojia. Wengine husema bayosensa, neno ambalo msikilizaji anaweza kulichanganya na sensa ya watu na makazi, kwa hiyo sisi tutabaki na kihisi.

Kama umewahi kumwona mgonjwa wa kisukari akijipima nyumbani, basi umeshakiona ndugu yake. Anajichoma kidole, anaweka damu kwenye kijiti, mashine inatoa namba. Wazo la kupima hivyo lilitoka kwa Mmarekani Leland Clark mwaka 1962, akianza na sukari. Kwenye kijiti kuna kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi moja tu kama ufunguo na kufuli lake. Kimeng'enya cha laktati hakishughuliki na sukari wala chumvi. Kinaikamata laktati, kinaivunja, na katika kuivunja kinazalisha haidrojeni peroksidi, ile ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Kijiti kinageuza mabadiliko hayo kuwa umeme mdogo sana. Laktati ikiwa nyingi, umeme unakuwa mwingi, na mashine inausoma na kuandika namba.

Faida kubwa ya kifaa kidogo kwa mkoa kama wetu haiko kwenye bei yake. Iko kwenye umbali. Chembe za damu zikiwa ndani ya chupa bado ziko hai, zinaendelea kula sukari na kutengeneza laktati. Sampuli isiyopimwa ndani ya dakika chache, au isiyowekwa kwenye barafu au kwenye chupa yenye dawa maalumu, itatoa namba kubwa ya uongo. Sasa fikiria damu iliyotolewa Karema, pembeni ya Ziwa Tanganyika, kisha ikasafirishwa zaidi ya kilomita 100 hadi Mpanda. Majibu yake yatakuwa yanaeleza habari za safari kuliko za mgonjwa. Kipimo hiki kinafanyika kando ya kitanda au kinapoteza maana.

Malaria inayoua na malaria isiyoua

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha mRDT ambacho kila zahanati inakijua, kinajibu swali moja: vimelea vipo au havipo. Hakisemi kama mtoto huyu atakuwa anacheza keshokutwa au hatafika asubuhi. Katika maeneo yenye malaria nyingi swali hilo la pili ni zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi kwa watoto chini ya miaka mitano yakiwa asilimia 8 nchi nzima, na kwa jirani zetu Tabora asilimia 23.

Kwenye malaria kali, chembe za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo na kuiziba. Damu inapungua. Vimelea wenyewe wanakula sukari ya mgonjwa na kutoa laktati. Matokeo yake damu inakuwa na asidi, na mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua. Ndiyo kule kupumua kwa kina anakokuona muuguzi. Shirika la Afya Duniani limeweka laktati ya milimoli 5 kwa lita au zaidi kuwa mojawapo ya alama za malaria kali.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika elimu hii. Hospitali za Muheza na Korogwe, mkoani Tanga, zilishiriki katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika. Ulilinganisha kwinini na sindano ya artesunate. Waliofariki kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa artesunate asilimia 8.5. Ndiyo maana leo ukifika hospitali na malaria kali, sindano unayopewa ni artesunate na si ile kwinini ya dripu waliyoizoea wazee wetu.

Namba ya laktati, basi, ingemsaidia muuguzi wa kituo cha afya kuamua nani anaondoka na gari la kwanza. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini haiishii hapo, na sehemu inayofuata tunaomba isomwe polepole.

Namba kubwa isiwe sababu ya kumwaga maji

Katika wodi zetu kuna imani kwamba mgonjwa aliyewekewa dripu ametibiwa, na asiyewekewa ametelekezwa. Ndugu huwa wanaidai. Mtu akisikia kwamba laktati ikiwa juu damu haizunguki vizuri, wazo la haraka ni kuongeza maji mengi mishipani ili izunguke. Madaktari wa nchi tajiri walifundishwa hivyo kwa miaka.

Kisha ulifanyika utafiti wa Muheza hapa Tanzania, Kilifi nchini Kenya, na hospitali kadhaa za Uganda zikiwamo Mulago, Soroti na Mbale. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: wengine walipewa maji mengi kwa haraka, wengine walipewa ya kawaida taratibu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji haraka walifariki takriban asilimia 10.5, na kati ya wasiomiminiwa asilimia 7.3. Majibu yalichapishwa mwaka 2011 na yaliwashtua wengi, kwa sababu jambo lililodhaniwa kuokoa lilikuwa linaua.

Watu wazima nao? Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya Lusaka, Zambia, nchi tunayopakana nayo upande huu wa magharibi. Wagonjwa wenye maambukizi makali kwenye damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, walipotibiwa kwa mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha presha, walifariki asilimia 48.1. Waliopata huduma ya kawaida walifariki asilimia 33.

Hatusemi dripu ni mbaya. Mwenye kipindupindu au kuhara kukali bila maji atakufa, na mzazi anayetoka damu anahitaji maji na damu. Tunachosema ni kwamba kuleta kipimo kipya bila kumfundisha mhudumu afanye nini na namba yake kunaweza kuongeza vifo. Ndugu wa mgonjwa pia waelewe: daktari anaposema "huyu hatumpi maji haraka", huenda anafuata somo lililolipiwa na maisha ya watoto wa Afrika Mashariki wenyewe.

Tuna mfano mzuri wa kipimo kilichofungwa na hatua. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kutoka damu baada ya kujifungua katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliohusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kifaa chenyewe kilikuwa mfuko wa plastiki wenye mistari unaowekwa chini ya mzazi ili kuona damu imefika kiasi gani. Hakuna umeme, hakuna kimeng'enya. Damu ikifika mstari uliowekwa, dawa zote zinatolewa kwa pamoja mara moja badala ya kujaribu moja moja. Kutoka damu kupita kiasi, upasuaji wa kuzuia damu na vifo, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60.

Wapo pia wasikilizaji wanaokumbuka dawa za kwanza za kufubaza virusi vya Ukimwi. Moja iliitwa stavudini. Baadhi ya waliotumia walipungua mashavu na miguu ikawaka moto, na wachache walipata laktati nyingi mno kwenye damu hata wakafariki. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe. Dawa za leo haziko hivyo, kwa hiyo mtu asiache dozi yake kwa kusoma habari hii.

Na maziwa yetu?

Wafugaji wengi wa Katavi wanakamua asubuhi na hawana jokofu. Jua la Septemba na Oktoba tunalijua. Dumu la plastiki lenye shingo nyembamba halisafishiki vizuri ndani, na mabaki ya jana yanakuwa mbegu ya kuchachusha maziwa ya leo. Kwa hiyo hasara ya maziwa kugeuka njiani ni ya kweli, na anayeibeba ni mkamuaji.

Je, kihisi cha laktati kingesaidia? Kitaalamu, ndiyo. Maziwa mabichi mazuri huwa na asidi ya asilimia 0.14 hadi 0.18 kwa kipimo cha kawaida cha viwandani, na sehemu kubwa ya hiyo si laktati kabisa, ni protini na madini ya maziwa yenyewe. Yakianza kuchacha na asidi ikaongezeka kwa asilimia 0.05 tu, hiyo ni nusu gramu ya laktati kwa lita, sawa na takriban milimoli 5.5. Kwa kihisi hicho ni kiasi kikubwa kinachoonekana waziwazi kabla ulimi haujagundua.

Lakini mtu asichukue mashine ya hospitali akachovya kijiti kwenye dumu. Kwanza imetengenezwa kusoma damu, si mafuta ya maziwa. Pili, laktati ni kama viatu: kuna ya kulia na ya kushoto. Mwili wa binadamu hutengeneza karibu yote ya upande mmoja, na kimeng'enya cha mashine kinatambua upande huo pekee. Bakteria wa maziwa wanatengeneza mmoja, mwingine au zote mbili, kulingana na aina yao. Mashine inaweza kusoma nusu ya ukweli. Tatu, kuna wachuuzi sehemu mbalimbali duniani wanaoongeza haidrojeni peroksidi kwenye maziwa ili yasiharibike, na tumeona kwamba vihisi vya aina hii vingi vinasoma kemikali hiyo hiyo. Kingemhukumu vibaya mtu, au kingechanganyikiwa.

Halafu kuna jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko kuchacha. Mwaka 2015 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walichapisha kazi waliyoifanya katika eneo la Katavi na Rukwa, ambako mifugo na wanyamapori hukutana. Walikuta dalili za maambukizi ya brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, kwa watu, ng'ombe, mbuzi na hata nyati. Maziwa ya ng'ombe mwenye brusela yanaweza kuwa matamu, meupe, yasiyo na harufu, na laktati yake sawasawa. Kihisi kitasema mazuri. Na kuyagandisha kuwa mtindi si dawa ya uhakika ya kuua brusela. Kinachoua ni moto: kuchemsha mpaka yapande. Anayetaka mtindi achemshe kwanza, apooze, kisha agandishe.

Kwa mwenye kibanda au kikundi cha kukusanya maziwa, vipimo vya zamani bado vinafanya kazi. Kipimo cha spiriti: unachanganya maziwa na spiriti ya asilimia 68 hadi 70 kwa kiasi sawa, yakikatika vipande, hayatavumilia kuchemshwa. Kinakamata pia maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana au mwenye ugonjwa wa kiwele. Laktomita inaonyesha kama yameongezwa maji. Dumu la alumini lenye mdomo mpana linaoshwa likaisha. Bodi ya Maziwa Tanzania, iliyotokana na Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004, inasimamia biashara hii, na kwa maoni yetu msukumo wa kwanza ungekuwa kufikisha vitu hivi vitatu Mpimbwe, Nsimbo na Mlele kabla mtu hajazungumzia vihisi.

Kwenye nyama laktati ni rafiki. Ng'ombe akichinjwa, sukari ya misuli inageuka asidi na nyama inakaa vizuri. Aliyeswagwa siku mbili bila kupumzika sukari hiyo ameimaliza barabarani, na nyama yake huwa nyeusi, inanata, na inaharibika upesi. Wachinjaji wetu wanaijua bila mashine.

Tudai nini, na kwa nani

Turudi hospitali, ambako tumesema ndiyo. Kwa maoni yetu mahali pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za halmashauri, na vituo vya afya vinavyofanya upasuaji wa wazazi. Zahanati bado. Zahanati ikikuta dalili za hatari kwa macho inatakiwa kumwondoa mgonjwa, na namba ya laktati isije ikawa sababu ya kumchelewesha.

Mashine yenyewe si tatizo, mfadhili anaweza kuileta kesho na kupiga nayo picha. Tatizo ni vijiti. Kila mgonjwa mmoja ni kijiti kimoja, na mashine ya kampuni hii haikubali vijiti vya kampuni ile. Vikiisha, mashine inabaki kabatini. Halafu kimeng'enya ni protini: kwenye joto na unyevu kinaharibika. Vijiti vingi vya aina hii vinatakiwa visizidi nyuzi joto 30, na chumba chenye paa la bati saa nane mchana kinapita hapo bila shida. Kijiti kilichokufa bado kinaweza kutoa namba, na namba hiyo inaweza kuwa ndogo, ya kumfariji mtu asiyestahili kufarijiwa.

Kwa hiyo diwani wako akizungumzia vifaa vya kisasa, maswali ya kumuuliza ni haya: vijiti vitaagizwa Bohari ya Dawa kwa fungu gani la bajeti, vitatunzwa wapi, nani amefundishwa, na laktati ikiwa juu gari lipo? Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, hadi 104 katika ule wa 2022, bila mashine hizi. Usafiri ni sehemu ya kazi hiyo. Mfumo wa m-mama unapatikana kwa kupiga 115 bure, kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga mwenye dharura.

Wakati kipimo hicho hakijafika, kuna alama ambazo kila mzazi anaweza kuzisoma nyumbani. Mtoto mwenye homa anayepumua haraka sana au kwa kina, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au mwenye viganja vyeupe, aondoke usiku huo huo. Aliyejifungua akapata homa, baridi ya kutetemeka, uchafu unaonuka, au kuchanganyikiwa, vivyo hivyo, hata kama mtoto wake ana afya na hata kama ni wiki ya pili.